Mvua iliyoharibu dagaa wetu ndiyo mliyoiita ya wastani

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu mume wangu akiwa hai, na miaka yote hiyo nimesoma nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa. Ile habari yenu ya kiangazi cha Mwanza, iliyosema kwamba Juni hadi Agosti jiji letu halikuachana sana na wastani wa muda mrefu, kwamba mvua ya Agosti ilikuwa ya wastani na joto lilipanda kidogo tu, ilisomwa kwa sauti hapa mwaloni Igombe, ufukweni panaposhushwa samaki. Waliokuwa wakisikiliza ni walewale ambao Agosti hiyo iliwaacha na madeni.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu, kiangazi ndio msimu tunaoutegemea. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Wakishushwa alfajiri tunawanunua wabichi kwa beseni, tunawaanika jua likichomoza, na siku ikiwa nzuri jioni tunawakusanya wakavu tayari kwa soko la Kirumba. Wakilowa kabla hawajakauka ndiyo basi. Wananuka, wanabadilika rangi, na mnunuzi pekee atakayewatazama ni yule wa chakula cha kuku, kwa bei anayoitaka yeye.

Siku ninayoisema ilikuwa katikati ya giza la Agosti na mitumbwi ilikuwa imerudi imejaa. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimetoka kugawana mikopo, kwa hiyo kila mmoja alinunua kadiri ya uwezo wake, maana Agosti si mwezi wa kuogopa mvua. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na ndivyo mama zetu walivyofanya kazi hii. Saa nane mchana wingu likatokea upande wa Magu. Tulikimbilia maturubai, lakini wenye chanja ni wachache, wengi wetu tunaanika chini juu ya nyavu, na turubai halizuii maji yanayopita chini yake. Mvua ilipiga kwa nguvu ambayo sijaiona hata katika masika, ikabeba dagaa pamoja na mchanga kuwarudisha ziwani, kisha ikakatika na jua likawaka tena vilevile. Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye wajukuu watatu wanaomtegemea, alibaki akiokota dagaa mmojammoja kwenye matope hadi tukamshika mkono. Wanunuzi wa Congo waliokuwa wakisubiri mzigo walipanda gari jioni ileile kwenda kutafuta kwingine. Sisi tuliuza kwa watu wa kuku, na wengine mpaka leo wanalipa ule mkopo kwa kufua nguo za watu. Sasa, Mhariri, kituo cha vipimo cha uwanja wa ndege hakiko mbali na hapa, na mvua ile ilipita kule pia. Aliyetoka mjini jioni ile aliikuta lami bado ina madimbwi. Siku nyingine zote za mwezi zilikuwa kavu. Maana yake ni kwamba mvua ya mchana ule mmoja, ile iliyotufilisi, ndiyo iliyoijaza hesabu ya Agosti mpaka ikafika mahali pa ninyi kuandika kwamba mwezi ulikwenda vizuri. Isingenyesha, mngeandika kwamba Agosti ilikuwa kavu kuliko wastani, kana kwamba ni habari mbaya, na sisi tungekuwa tumelipa madeni yetu.

Kijana wangu anafundisha jiografia sekondari, na nilimwita anieleze wastani huo unapatikanaje. Alinieleza kwa mfano mwepesi. Chukua mwezi mkavu kama Julai. Miaka 9 isinyeshe hata tone, mwaka wa 10 inyeshe milimita 100. Wastani ni milimita 10, na katika miaka yote 10 hakuna hata mmoja ulionyesha milimita 10. Ndiyo maana miezi yetu ya kiangazi huwezi kuieleza kwa namba moja. Anayeanika dagaa, anayepanda mchicha bondeni, anayefyatua tofali, wote wanahitaji kujua mvua ilinyesha siku ngapi, ilikuja saa ngapi, na ilimwagika kwa kasi gani. Mvua hupimwa saa tatu asubuhi, ikaandikwa jumla ya saa 24 zilizopita. Aliyelala Mabatini mto Mirongo ukapanda usiku na aliyelowa hapa saa nane mchana wote wanaingia katika jumla moja.

Siwalaumu wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao wana utaratibu wao, na wanausema wazi kila wanapotoa utabiri wa msimu: mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu, hiyo ni ya wastani. Hilo ni pana sana, na wao wanajua kuwa ni pana. Mwandishi wenu ndiye aliyelichukua akalipeleka kwenye kichwa cha habari bila kutueleza upana wake. Wala hakutueleza wastani huo ni wa miaka ipi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka miaka 30, na kila baada ya miaka 10 hesabu inasogezwa mbele. Sasa hivi inayotumika ni ya 1991 hadi 2020, na ile ya 1961 hadi 1990 imebakizwa ili kupimia mabadiliko ya tabianchi. Hizo ni nchi mbili tofauti, Mhariri. Ukilinganisha kiangazi cha leo na miaka ambayo joto lilikwisha kupanda, tofauti lazima itaonekana ndogo. Mlinganishe na miaka niliyokuwa binti, halafu mniambie kama bado ni kidogo tu.

Na kwa hapa Mwanza hicho kidogo si kidogo. Tuko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa linatupoza mchana na kututunzia joto usiku. Ukichukua wastani wa mwezi wetu wa joto zaidi na wa baridi zaidi, tofauti yake haifiki nyuzi joto 3. Kwa mtu wa Ulaya, ambaye majira yake yanapishana kwa nyuzi 15 au 20, nyuzi moja hata haisikii. Kwetu nyuzi moja ni sehemu kubwa ya safari yote kutoka Julai hadi Oktoba. Halafu kituo chenyewe kiko ufukweni, kinapata upepo wa ziwa tangu asubuhi. Aliyejenga katikati ya mawe ya Igogo au Mabatini analala na joto ambalo jiwe limelinyonya mchana kutwa, na hilo halimo katika namba yenu.

Jambo jingine linalonichosha ni kutuweka wote katika sentensi moja ya "ukanda wa Ziwa". Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, sisi tunapata kama nusu yake, na Shinyanga chini ya hapo. Upepo wa kusini-mashariki unavuka ziwa ukiwa umebeba unyevu na kuumwaga Kagera; sisi tuko upande unakoanzia safari. Mtu wa Igombe akisoma kwamba ukanda ulipata mvua nzuri, afanye nini na taarifa hiyo?

Na kwa kuwa nimeanza kuandika, niseme na la ufukwe, kwa sababu nalo mliliandika kwa namna ileile. Mei 2024 kipimo cha maji ya Ziwa Victoria kilichoko Jinja, Uganda, kilionyesha ziwa limefika mita 13.66, juu ya kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na juu ya kile cha 2020 pia. Mlichapa namba hiyo na picha ya nyumba iliyozingirwa na maji, mkaishia hapo. Hamkuandika kwamba maji yalipopanda yalimeza sehemu tuliyokuwa tunaanikia. Hamkuandika kwamba mchanga uliobaki ulipandishiwa kodi, na kwamba tunapojaribu kusogea juu zaidi tunaambiwa tuko ndani ya mita 60 za hifadhi. Sheria ya Mazingira ya 2004 naiheshimu, na kifungu cha 57 kijana wangu amenisomea: kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Nyavu zangu nazikunja kila jioni. Lakini hatua chache kutoka pale tunapofukuzwa kuna ukuta wa matofali ulioshuka mpaka majini, una geti na taa, na sijawahi kuona mtu akiufukuza. Mama mwenye nyavu ndiye anayeharibu mazingira. Nililisema hili katika mkutano wa mtaa, likaandikwa kwenye daftari, na daftari lile sijui liko wapi.

Sasa naomba hivi. Kila Jumatatu, katika ukurasa wa bei za mazao, wekeni kisanduku kidogo cha Mwanza. Andikeni jina la kituo. Andikeni mvua ya kila siku ya wiki iliyopita, siku kwa siku, na si jumla peke yake, pamoja na joto la juu la mchana na la chini la usiku. Pembeni yake wekeni wastani wa mwezi huo mara mbili, wa 1961 hadi 1990 na wa 1991 hadi 2020, na miaka iandikwe waziwazi. Ikinyesha mvua kubwa, andikeni ilianza saa ngapi na ikakatika saa ngapi. Na mkipata nafasi ya kuzungumza na wakubwa, waombeni kila mwalo upewe kipimo cha mvua, kikae kwenye ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na kisomwe saa tatu asubuhi na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Hapa Igombe yupo binti aliyemaliza kidato cha nne, anajua kuandika namba vizuri na anaamka kabla ya mitumbwi kurudi. Kisanduku hicho kisiwekwe ukurasa wa michezo. Ukurasa wa bei ndio tunaoufungua kwanza.

Mwanikaji wa dagaa,
Igombe, Mwanza