Kabla ya taili, uji: barua ya wazi kwa vijana wetu mlioko mjini

Mbukwenyi wanangu na wajukuu zangu, Bwana asifiwe. Nimesomewa zile meseji za grupu lenu kuhusu mchango wa kanisa, taili, spika kubwa na ukuta wa tofali za kuchoma. Nimefurahi kwamba huko Dodoma mjini na Dar bado mnakumbuka mlikobatiziwa, ila naomba mnisikilize bibi yenu kabla hiyo hela haijatoka.

Hilo kanisa ndo lilikuwa darasa letu jamani. Lilikuwa tembe la udongo, Jumapili ibada, Jumatatu mwalimu yuleyule wa katekisimu anafuta ubao anaanza hesabu, sisi tumekaa chini, na kengele ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mbuyu. Shule nyingi za huku zilikuwa za misheni mpaka serikali ilipozichukua 1969, alafu 1977 ikaja UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, hata waliokuwa machungani wakaingizwa darasani. Mimi nilitangulia hapo, na nilisoma kwa sababu mke wa mchungaji alikuja nyumbani akakaa na baba mpaka jua likazama, maana ng'ombe wa mahari yangu walishatajwa. Yule mama hakugomba wala hakumtishia baba moto wa jehanamu, alisema tu huyu mtoto amalize la nne kwanza. Nikamaliza nikaendelea. Mungu amlaze pema.

Na tulikuwa tunakula. Watu hawakuwa na hela, kwenye sadaka ya mavuno walileta debe la mtama, uwele, karanga, kuku, mayai, vingine vinapigwa mnada baada ya ibada lakini nafaka inabaki stoo, mwezi wa kwanza na wa pili nyumbani ghala limeisha sisi tunapikiwa uji wa uwele pale nje na tunakunywa mpaka tunashiba. Hakuna aliyeulizwa amebatizwa lini.

Sa hivi hiyo haipo. Tangu elimu bila ada ya 2016 wengi walielewa kila kitu ni cha serikali, kumbe chakula cha mtoto wa shule ya kutwa bado ni cha mzazi, na mzazi wa huku ambaye mahindi yamemkaukia shambani atatoa nini? Mtoto anatoka asubuhi tumbo tupu, saa nne anasinzia, mwisho haendi tena, wavulana wanarudi kuchunga, wasichana wanachukuliwa kwenda kazi za ndani mjini. Huenda mmoja yuko jikoni kwako anaosha vyombo ukisoma hii barua. Muulize aliishia darasa la ngapi.

Kwahiyo naomba hivi. Nunueni nafaka mwezi wa sita na wa saba watu wakiwa wamevuna, msisubiri Februari mtume hela wakati gunia limeshapanda. Nunueni uwele na mtama, mahindi acheni, mvua yetu ni ya msimu mmoja na ikikatika mapema mahindi ndo ya kwanza kufa, tena nunueni kwa wazee wa hapahapa ili hela ibaki kijijini. Stoo ya kanisa iko tupu, iwekwe kufuli mbili, funguo moja mzee wa kanisa nyingine mwalimu mkuu, na hesabu isomwe kwenye matangazo ya Jumapili kila mtu asikie, maana tunajua michango mingine ilivyoishia. Watoto wa Kiislamu na wasiosali popote wanywe uji huohuo.

Spika zisubiri, kwaya yetu inasikika mpaka ng'ambo ya korongo bila umeme. Ila taa za sola nunueni, kanisa lifunguliwe jioni darasa la saba wajisomee, kwao wengi hawana hata meza.

Mwezi wa sita anayeweza aje mwenyewe tupime madebe pamoja, msitume boda tu na bahasha.

Bibi yenu, Chamwino