Kufuli si notisi

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kongowea, Mombasa. Chumba changu cha kushonea nimekikodi mwaka wa sita sasa kwa Sh12,000 kwa mwezi, kwa makubaliano ya mdomo. Mwaka huu mwenye nyumba alinipigia simu akanitaka nihame ndani ya wiki mbili, kwani mpwa wake anataka kufungua duka la simu. Nilimsihi anivumilie hadi Idi ipite. Asubuhi moja nikakuta kufuli lake juu ya langu. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili na nguo za watu, pamoja na gauni la bibi harusi lililobakia kutiwa mikono.

Nilikimbilia kituo cha polisi. Askari akaniuliza, "Mkataba uko wapi, mama?" Sina. Akaniambia basi nikaelewane na mwenye nyumba. Nikarudi nikiamini kwamba asiye na karatasi hana haki.

Kumbe ni kinyume chake. Wakili wa msaada wa kisheria alinieleza kuwa Sura ya 301, sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye nao ikiwa hauzidi miaka mitano. Kumtoa au kumwongezea kodi ni lazima kuwe na notisi ya maandishi kwenye fomu maalumu, yenye sababu, isiyopungua miezi miwili. Akipinga, apeleke shauri kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku iliyotajwa. Notisi haitakuwa na nguvu hadi Jopo liamue. Mwito wa simu si notisi, wala kufuli si notisi.

Mimi kodi huituma kwa simu, na ujumbe wa kila mwezi nilikuwa nao. Ujumbe huo ndio ulioniokoa, maana ulionyesha kuwa mimi ni mpangaji. Mafundi wenzangu, hata mkikosana na mwenye nyumba, lipeni kodi: deni la miezi miwili ni sababu halali ya kuwatoa.

Nilipeleka shauri langu, na Jopo likaamuru nifunguliwe. Mlango ulifunguliwa siku ya kumi na moja, na bibi harusi alikuwa ameshaolewa na gauni la kuazima. Mama yake hanisemeshi hadi leo, wala simlaumu.

Linalonikera zaidi ni kwamba fomu zote nilizopewa zilikuwa za Kiingereza, nikamlipa kijana wa saiba Sh500 anijazie. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Naomba wahusika wazichape fomu hizo kwa Kiswahili na kuziweka kwa kila chifu. Na maafisa wa vituoni waelezwe sheria hii, ili mpangaji mwingine aliyefungiwa mlango asirudishwe nyumbani kwa kukosa karatasi.

Fundi cherehani,
Kongowea, Mombasa