Tulivyobeba kochi la mwenzetu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Mei mwaka jana. Linahusu vyama vyetu vya akina mama, na jinsi mtu akiwa na wenzake anavyoweza kutenda kitu ambacho peke yake hangethubutu hata kukiwaza.

Mimi nauza mitumba soko la Kibuye, hapa Kisumu, mwaka wa 11 sasa. Chama chetu kilikuwa na wanawake 20, tukikutana kila Jumanne saa nane mchana. Tulianza kwa mzunguko wa kawaida wa kuchangiana, kisha tukachukua mkopo wa kikundi kwa kampuni moja ya mikopo midogo. Aliyewahi kuuchukua anajua: hakuna hati ya shamba wala ya gari, dhamana ni sisi wenyewe. Mmoja akikosa, 19 wanamlipia. Afisa huketi pale na daftari lake, na hela zisipotimia mkutano haufungwi, hata kama umeacha mtoto mgonjwa nyumbani.

Sikidharau chama. Kabla yake sikuwahi kuweka akiba hata ya shilingi 1,000. Kilinifunza kufika kwa wakati, kwa sababu faini ya 50 mbele ya wenzako inauma kuliko 500 zilizopotea sokoni. Mamangu alipoaga dunia, wanawake hawa walikuja nami hadi Siaya, wakapika siku nne, wakaosha mpaka sufuria ya mwisho. Ndiyo maana naandika kwa uchungu. Ni mikono ile ile iliyotupikia matangani ndiyo iliyobeba kochi.

Mwenzetu mmoja alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani. Wafanyabiashara wa omena wanajua kwamba mvua ikiikuta bado imeanikwa kwenye nyavu, kesho yake ni chakula cha kuku, na bei ni ya chakula cha kuku. Ilimkuta mara mbili katika mwezi mmoja. Wiki ya kwanza aliyokosa kulipa tulimchangia kwa roho safi. Ya pili tulichanga tukinung'unika. Ya tatu hakuja, na hilo ndilo lililomponza, maana hakukuwa na wa kumsemea. Maneno yakaanza kidogo kidogo. Mmoja akasema alimwona na viatu vipya. Mwingine akakumbuka kwamba hata mwaka uliotangulia alichelewa hivyo hivyo. Ilipofika saa kumi, mwanamke tuliyemjua hakuwa tena katika mazungumzo yale, alikuwa ameshakuwa mwizi. Mwenyekiti akauliza, "Twende?" Tukaitikia kwa pamoja. Nami niliitikia, tena kwa sauti.

Alikuwa akikaa mtaa wa Manyatta, mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Tulienda tisa, tukiongea kwa sauti njia nzima, na kadiri tulivyoongea ndivyo hasira zilivyopanda. Tulipofika hatukukuta ugomvi wowote. Mwanawe alikuwa mezani akifanya kazi ya shule. Tukamwambia aondoe vitabu. Mama mwenyewe hakupiga kelele. Alivua vitambaa vya kochi kimoja kimoja, vile alivyovifuma kwa mkono wake, akavikunja na kuvikumbatia kifuani. Kisha akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa upande ule: "Dada, shika chini kidogo, mguu huo umelegea."

Nikashika chini.

Usiku huo, saa tatu hivi, mmoja wetu alinipigia simu analia. Akasema yeye hakutaka kwenda. Kesho yake sokoni mwingine akaniambia maneno yayo hayo. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimehesabu sita kati ya tisa ambao hawakutaka, na kila mmoja alidhani ni yeye tu. Mimi ni wa saba.

Binti yangu anasoma saikolojia chuoni. Nilipomsimulia, alinieleza majaribio ya mtaalamu aitwaye Solomon Asch, yaliyofanyika Marekani miaka ya 1950. Watu walionyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana na mwingine, swali ambalo hata mtoto angelijibu. Lakini chumbani wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa wataje jibu la uongo. Kati ya hao waliokuwa wakipimwa bila kujua, kama robo tatu walifuata uongo wa wenzao angalau mara moja. Kilichonitoa usingizi ni hiki: alipowekwa mwingine mmoja tu wa kutaja jibu la kweli, wengi zaidi walishikilia walichokiona kwa macho yao. Mmoja tu, Mhariri. Sisi tulikuwa saba, na kila mmoja alikuwa akimngojea mwenzake.

Sheria ya usajili wa makundi ya kijamii ya 2022 inataka kila kikundi kiwe na katiba. Katiba nilizoziona zimejaa faini, za kuchelewa, za simu kulia, za kukosa sare. Sijaona hata moja inayosema mwanachama aliyelemewa atashughulikiwa vipi. Ninapoishi sasa tumeanza chama kingine, na tuliandika kwamba kumwadhibu mtu hakuamuliwi kwa kuinua mikono wala kwa kuitikia. Kwanza wawili wanamtembelea mikono mitupu, wamsikilize. Halafu kila mwanachama anapewa punje ya mahindi na ya maharagwe, anapita nyuma ya pazia na kutia moja kwenye mtungi. Mahindi ni achukuliwe hatua, maharagwe ni apewe muda.

Februari ilitupata: mwanachama mmoja wa chama hiki kipya alikosa kulipa. Waliosimama kuzungumza walikuwa wakali wote, nikajua tumerudi Manyatta. Tulipoumwaga mtungi mezani, maharagwe yalikuwa 13 na mahindi 4. Tukanyamaza kitambo, kila mtu akiziangalia punje zile. Mama yule alipewa miezi miwili, na leo amebakisha shilingi 1,200.

Nawaomba viongozi wa vyama wajaribu njia hii, au watafute yao, lakini waiandike kabla ya mtu kukosa kulipa, wakati bado wanapendana. Na maafisa wa mikopo waache kuwafungia wanawake mkutanoni hadi hela zitimie, kwa sababu maamuzi ya saa hizo ndiyo haya ninayoyasimulia.

Kochi lile liliuzwa shilingi 6,000. Mwenyewe aliacha omena, na Kibuye hapiti tena upande wangu. Nimeenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili, mwezi uliopita, alinitolea kigoda nje, naye akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Hatukuongea mengi. Aliniuliza kama mama yangu tumemjengea kaburi.

Muuza mitumba,
Kibuye, Kisumu
(Jina nimelibana)