Damu ya kumwokoa mzazi itafutwe kabla ya uchungu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa maoni yangu sisi wananchi tumewaachia wauguzi na madaktari peke yao, nalo ni upatikanaji wa damu kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga.

Mengi yamefanyika, na si haki kuyapuuza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali utafiti wa 2015/16 ulikuwa umetaja 556, na kwamba wanawake wanane kati ya kila kumi walijifungulia katika vituo vya kutolea huduma. Vituo vingi vya afya vimeboreshwa ili viweze kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto. Kwa mpango wa m-mama, mjamzito aliyepatwa na dharura kijijini huitiwa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa lisipokuwa karibu, dereva wa kawaida aliyesajiliwa humchukua na kulipwa na mpango wenyewe. Safari, basi, imefupishwa. Lakini mama aliyewahishwa hospitali akakuta jokofu la damu halina kundi lake, kuwahi kwake kumemsaidia nini?

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi, na hali hiyo ikiachwa bila matibabu inaweza kuua ndani ya saa mbili. Hapo ndipo ilipo kasoro ya mazoea yetu ya kusubiri mpaka muuguzi atoke wodini na kuwaambia ndugu watafute watu wa kuchangia. Damu iliyotolewa usiku huo haiwezi kutundikwa palepale, kwa kuwa lazima kwanza ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende, kisha ilinganishwe na damu ya mgonjwa. Shemeji anayekimbia hospitali saa nane za usiku anastahili shukrani, lakini mara nyingi damu yake itamfaa mgonjwa wa siku nyingine. Mzazi huokolewa na damu ambayo tayari ilikuwa kwenye jokofu, iliyotolewa na mtu asiyemjua.

Mtu huyo asiyejulikana mara nyingi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumewategemea vijana hawa kiasi kwamba shule zikifungwa, akiba nayo hupungua, na kwa kuwa damu nzima haihifadhiwi zaidi ya wiki tano hivi, haiwezekani kuweka ya mwezi wa tano ikasubiri Krismasi. Nashindwa kuelewa kwa nini mtaa unaoweza kuunda kamati ya harusi, yenye mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya wanaodaiwa michango, ushindwe kuwa na orodha ya watu kumi na wawili wenye afya njema walio tayari kuchangia damu kwa zamu. Vijiwe vya bodaboda vimejaa wanaume wenye umri zaidi ya miaka 18 na uzito wa kilo 50 na kuendelea. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, kwaya na madrasa navyo vina watu wanaokutana kila wiki.

Utaratibu wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Mwanamume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne; mkutano mkuu wa kijiji nao, kisheria, unatakiwa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri zikipanga timu za ukusanyaji damu zifike siku ya mkutano huo, hasa katika miezi ya likizo za shule, pengo la wanafunzi litapata wa kuliziba.

Najua kuna manung'uniko kwamba damu hutolewa bure kisha huuzwa. Manung'uniko hayo hayataondolewa kwa matangazo ya redio. Anayedai fedha kwa ajili ya damu anatakiwa kuripotiwa na kuchukuliwa hatua, na hospitali zina wajibu wa kuwaeleza wananchi, kwenye mbao za matangazo za vijiji na mitaa, ni kiasi gani kilikusanywa kwao na kimetumika vipi.

Aidha, mahitaji yenyewe yanaweza kupunguzwa nyumbani. Mjamzito mwenye upungufu wa damu hawezi kustahimili hata kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kukinga malaria hutolewa kliniki, lakini anayeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi sita amekwisha kupoteza nusu ya muda wa kuvitumia. Mume, mama mkwe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wamhimize kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, apime wingi wa damu na kundi lake, na kundi hilo liandikwe kwenye kadi. Wenye kundi hasi, yaani lenye alama ya kutoa kama O-, ni wachache, hivyo wao watafutiwe wachangiaji mapema zaidi.

Naziomba halmashauri zianze na kata zenye vituo vya afya vinavyofanya upasuaji, ambako jokofu tupu huonekana haraka zaidi.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro