Mama, mwondolee ule mto

Liège, Ubelgiji, 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo nyumbani Kadutu. Nimeamua kuandika badala ya kutuma sauti, kwa sababu sauti zangu unazisikiliza nusu ukiwa jikoni, kisha unanijibu kuhusu harusi ya mtoto wa jirani. Hii Faida atakusomea mpaka mwisho. Akifika panapomhusu Mugisho, asome kwa sauti kubwa.

Kwanza nina la kuungama. Mwezi wa kumi na mbili, nilipokuambia nina mafua makali ndiyo maana sionekani kwenye video, hayakuwa mafua. Nilikuwa hospitali. Nilitoka kazini alfajiri, njia imefunikwa na barafu nyembamba ambayo jicho haliioni, nikateleza nikaangukia goti la kulia kwenye ukingo wa ngazi ya mawe. Pia ya goti ikapasuka vipande vitatu. Kesho yake wakanipasua, wakaviunganisha vile vipande kwa pini mbili na waya, kama fundi anavyofunga mti wa ua uliopasuka. Nilinyamaza kwa sababu presha yako ilikuwa juu, na nilijua ungefunga siku tatu bila kula. Unisamehe. Na kusema kweli ningeendelea kunyamaza, kama si ile picha ya Mugisho aliyonitumia Faida Jumapili.

Nimeitazama sana. Mwanao amelala chali, wiki tatu tangu awekewe chuma katika mfupa wa paja, sahani ya bugali na samaki wa sambaza iko juu ya tumbo lake, simu mkononi, na chini ya goti kuna ule mto wako mzuri wa maua. Wewe umekaa pembeni unatabasamu. Faida ameandika: «Anapumzika vizuri, hata choo tunamletea.» Mama, picha hiyo ilinitisha kuliko ile ya moto, ile pikipiki iliyopondeka.

Mkumbuke Baba mdogo. Alipovunjika alilazwa miezi mitatu, sote tukimhudumia kama mfalme. Mfupa wake ulipona vizuri kabisa, hata daktari alisifu. Goti ndilo halikukunjika tena. Mpaka leo kwenye basi hukaa mbele na mguu ameunyoosha, abiria wanamruka wakilalamika, na kanisani wengine wakipiga magoti yeye husimama kama mlinzi. Tukasema ni mkono wa mtu. Siku hizi naona mkono ule ulikuwa wetu, pamoja na sahani zetu na mito yetu.

Mimi huku hawakuniacha hata siku moja. Asubuhi baada ya kupasuliwa aliingia kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mwenye ndevu, akaniambia: kaza nyama ya paja, sukuma goti chini kwenye godoro kama unaponda mbu aliye chini yake. Nikakaza. Paja la kushoto likawa gumu kama jiwe. La kulia, hakuna. Nikaamuru tena, nikaona aibu, maana mguu ulilala tu kama mbuzi aliyegoma njia ya Kabare. Akanieleza kuwa goti likivimba, paja hujizima lenyewe, na nyama isiyotumika huyeyuka kwa siku chache tu. Siku ya tatu, nikiwa nimeweka kiganja juu ya paja, nikasikia kitu kimetetema chini ya ngozi, kidogo kama samaki akigusa ndoano. Nililia, Mama. Baada ya wiki mbili akapima kwa mita ya fundi cherehani: paja la kulia lilikuwa limepungua sentimita 4.

Sasa sikiliza habari ya mto. Goti likiinuliwa na mto mchana na usiku, mgonjwa anasikia nafuu, ndiyo maana anaupenda. Lakini mishipa ya nyuma ya goti inazoea kukaa imefupika, na baadaye mguu unakataa kunyooka. Mtu asiyeweza kunyoosha goti anachechemea maisha yake yote. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe kwa uzito wake. Dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Atakutukana kimoyomoyo, muache.

Kabla ya hayo mengine, rudini kwa daktari aliyemwekea chuma mkamuulize jambo moja: mguu huu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani? Kuna anayeambiwa usikanyage kabisa, kuna anayeambiwa gusa tu chini, na kuna anayeambiwa kanyaga kadiri unavyovumilia. Mguu wangu si mguu wake: mimi niliruhusiwa kukanyaga mapema ila nisilikunje goti kupita kiasi, na yeye mwenye chuma cha paja huenda akaambiwa kinyume. Faida aandike jibu kwenye karatasi, siyo kichwani. Nasikia walimruhusu kurudi nyumbani bila kumwonyesha zoezi hata moja. Hilo linaniuma, lakini tusipoteze siku kulaumu. Kama njia inapitika, muulizie pia kine wa Heri Kwetu, kile kituo cha walemavu. Watu wa pale wamezoea miguu migumu kuliko wa huyo wetu.

Wakati mnasubiri, kuna mambo ambayo hata kitandani anaweza kuyafanya, daktari akikubali. Apige kanyagio hewani: kidole cha mguu juu, chini, juu, chini, mara ishirini kila saa anapokuwa macho. Aponde ule mbu, ahesabu mpaka 5, aachie, mara kumi. Halafu avute kisigino taratibu kuelekea makalio, juu ya mfuko wa plastiki ili kiteleze kwenye shuka. Mimi nilitumia mfuko wa dukani, nikifanya kelele ya shwaa usiku kucha, jirani wa chumba akalalamika.

Kuhusu maumivu, najua hapo ndipo moyo wako unapokatika. Kine wangu hakusema nisisikie maumivu. Alisema nihesabu kutoka 0 mpaka 10, nikifika 4 au 5 niendelee polepole, nikizidi hapo nisimame. Maumivu yanayolala pamoja nawe usiku ni ya kazi. Yakiamka nawe asubuhi na goti limevimba zaidi ya jana, mazoezi yamezidi, kesho punguza. Dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla ya mazoezi, siyo baada.

Na ile habari ya kumkanda kwa maji ya moto na mawese, Mama nakuomba, bado. Goti lililovimba likichomwa moto linavimba zaidi, mpe kitambaa cha maji baridi. Tena nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, msiisugue kabisa. Mtu aliyelala muda mrefu damu yake inaweza kuganda pale. Mimi nilidungwa sindano ya tumboni kila jioni wiki 6 kwa ajili hiyo, muulize daktari kama Mugisho alipewa kitu. Pakivimba upande mmoja, pakawa moto na kuuma, au akianza kukosa pumzi ghafla, au kidonda kikitoa usaha na homa ikapanda, hakuna kungoja kuche. Mnakwenda usiku huohuo.

Magongo ya mbao aliyoazimwa nimeyaona nyuma ya mlango kwenye picha, na naona ni marefu mno. Akisimama wima, vidole vitatu vipite kati ya kwapa na gongo. Uzito aubebe kwa viganja. Akining'inia kwenye makwapa kama nguo kwenye kamba, mikono itakufa ganzi. Fundi mbao ayakate. Mpira wa chini ukiisha, fundi viatu akate kipande cha tairi, maana udongo wetu ukinyeshewa hauna tofauti na barafu ya huku.

Kine aliniuliza pia: unataka goti likufanyie nini? Wenzangu pale walisema kuendesha baiskeli, kucheza tenisi. Nikasema: kuchuchumaa. Akafikiri hakusikia. Ikabidi nisimame kwa gongo moja nimwelezee choo chetu, beseni la kufulia, jiko la mbabula na kale kastuli kafupi unakokalia ukigeuza mboga ya sombe. Akaandika yote. Kupanda ngazi, alisema, digrii 90 na kidogo za kukunja goti zinatosha, lakini kuchuchumaa mpaka chini kunadai 130 hivi. Ana chombo kama rula mbili zilizoungwa, anakiweka ubavuni mwa goti. Mwisho wa Januari nilikuwa na 60. Siku nilipofika 90 nilishangilia kuliko siku ya kupewa karatasi za kukaa huku. Sasa niko 118. Mugisho asijaribu kuchuchumaa leo. Fundi mbao huyohuyo atoboe kiti cha zamani katikati, mkiweke juu ya tundu la choo, aende mwenyewe. Choo cha kuletewa kiishe.

Na zile sigara anazodhani huzijui, Mama, zinachelewesha mfupa kuunga. Nimemtaja, anichukie.

Zimebaki ngazi, na hapo Bukavu yetu haina huruma. Unakumbuka ile picha niliyokutumia mwaka juzi, ngazi 374 za Bueren, ukaniuliza kama ni njia ya mbinguni? Wiki jana nilipanda 40 nikashuka. Hapa wana msemo kwa wenye magongo: mguu mzima huenda mbinguni, mgonjwa huenda jehanamu. Yaani ukipanda unatanguliza mzima, ukishuka unatanguliza magongo na mgonjwa. Najua msemo huo hutaupenda, lakini yeye hatausahau. Amani asimame daima upande wa chini yake, amshike mkanda wa suruali, siyo mkono. Kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani ni ngazi 47, kama mvua haikubeba nyingine. Akishapata ruhusa ya daktari aanze na mbili, mvua ikiwa imekatika. Zingine zitafuata.

Nimemtumia Faida kitu kidogo. Ni cha fundi mbao, cha daktari na cha moto ya kwenda na kurudi. Mayai na maharagi pia yanahitajika, mfupa na nyama havijengwi na bugali peke yake, ila akae mezani ale na wenzake. Sahani impe sababu ya kusimama.

Wasalimie wote, na Baba mdogo umwambie nimemtaja kwa heshima. Jumapili Faida anitumie picha nyingine ya Mugisho. Nataka nione kisigino juu ya ule mto wa maua, na goti hewani.

Binti yako,
Furaha