Kabla hamjakata tiketi

Shoga yangu Neema,

Habari za tangu Pasaka? Salamu zako kwa Mama zimefika, naye anakusalimu sana. Naandika haraka kwa sababu umesema mnaondoka Ijumaa ijayo kwa basi, kupitia Kenya na Uganda hadi Rwanda, na Rehema bado hajachanja homa ya manjano.

Jamani, sogezeni safari. Cheti cha chanjo ile huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tarehe yake huandikwa humohumo kwenye kadi ya njano, kwa hiyo hakuna kubembeleza. Mkifika Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, Uganda inaidai kwa kila mtu aliyefikisha mwaka 1. Basi halisubiri abiria mmoja: mtamwacha Rehema, au mtashuka wote watano mkakate tiketi upya. Juma yeye asihangaike na kadi yake ya zamani. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10.

Namanga (mnapotoka kwetu Tanzania kuingia Kenya) na Busia, muhuri wa kutoka na wa kuingia hugongwa kwenye jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Basi likivuka kabla hamjagongewa chochote, msishtuke. Mkishuka, pigeni picha namba ya gari na mchukue namba ya simu ya kondakta, maana mabasi ya kampuni moja hufuatana na yote yanafanana. Msiondoke dirishani bila kusoma muhuri: tarehe, na siku mlizopewa. Pasipoti, kadi na hela zikae kwenye kibegi cha kifuani, si kwenye buti la basi. Na mtu akiwaomba mumvushie kifurushi, hata awe mama mtu mzima, kataeni.

Hela badilisheni kidogo tu mpakani. Noti za zamani za 1,000 za Kenya zilikufa 2019. Mpya zina picha ya KICC, lile jengo la mikutano la Nairobi. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo mkirudi Tanzania kwa mpaka wa Rusumo saa hiyo mnaipoteza, mkumbuke kama mna basi la kuunganisha. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani.

Ila narudi palepale: Rehema anachanja lini? Kesho anaweza? Pasipoti ya Frank imetoka? Tiketi mmeshalipia, au bado mnaweza kubadili tarehe? Na Nairobi hadi Kampala mnapanda la usiku? Nijibu leo, tafadhali.

Wako,
Zuhura