Ndovu Wasio na Pembe: Barua kwa Mwakio

Dambulla, Sri Lanka
21 Septemba 2025

Ndugu yangu Mwakio,

Habari za Sagalla na Voi yote? Mama Wakesho hajambo, na watoto? Mimi mzima, ila ulimi umechoka. Mchana kutwa naonja chai, na usiku nakula mchuzi wa pilipili ambao hata marehemu bibi yangu wa Kibokoni angeuogopa. Mafunzo ya Colombo yamebakiza wiki tatu. Mnada wao wa chai na wetu wa Mombasa ni kama watoto wa ndugu wawili, sura moja na wivu mwingi, lakini hayo nitakusimulia nikirudi. Leo nakuandikia habari za ndovu. Nimesema ndovu, sikusema tembo, maana huku nako wanagema mnazi na najua akili yako ingekimbilia wapi.

Tulipewa siku nne za mapumziko. Wenzangu wakaenda pwani. Mimi pwani nimezaliwa, nikapanda basi la kuja huku bara, kwenye nchi kavu ya mpunga. Jana alasiri nikalipa jipu na watalii wawili, tukaingia mbuga ya Minneriya. Pale pana lambo kubwa, wenyewe huita *wewa*, lililojengwa na mfalme Mahasena katika karne ya 3. Hebu fikiria, lambo la miaka elfu moja na mia saba, na mpaka leo linamwagilia mashamba. Kiangazi kikikaza, maji hurudi nyuma na pale yalipokuwa huota majani mabichi, ndipo ndovu wanashuka kutoka misitu yote ya karibu. Mwaka wa neema hufika hata 300 mahali pamoja. Mimi nilihesabu sabini na kitu, mtoto mmoja akaingia chini ya tumbo la mamake, hesabu ikanipotea.

Lakini kitu kilichonishika si wingi wao. Hawana pembe, Mwakio! Nilitazama dume baada ya dume, kinywa kitupu. Nikamwuliza dereva kama wamekatwa ili wasiwindwe. Akanicheka mpaka akasimamisha gari. Kumbe ndivyo walivyo: jike wa huku haoti pembe za maana, na madume wenye pembe hawafiki kumi katika kila mia. Mwenye pembe ana jina lake kabisa, huitwa *etha*, na akitokea watu husimama kama wameona harusi. Hawa wengine ni *aliya* tu. Wadogo kuliko wetu, masikio mafupi, mgongo umebinuka juu, na paji la uso lina vinundu viwili kama mtu aliyejigonga mlangoni.

Nikajisemea: basi hawa wamepona. Nani atamwua ndovu asiye na kitu cha kuuza?

Na pembe zilizowahi kupita hapa kwa fujo zilikuwa za kwetu. Mei 2012 forodha ya bandari ya Colombo ilifungua kontena lililotoka Kenya likielekea Dubai, wakakuta pembe 359, uzito tani moja na nusu. Walipopima vinasaba ikaonekana ni za ndovu wa Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Januari 2016 wakazisaga hadharani pale Galle Face, ule uwanja wa kando ya bahari ambapo mimi hununua dengu za kukaanga kila Jumapili. Zilisagwa mbele ya mabalozi na watawa. Nilipoambiwa nilinyamaza. Kontena kutoka kwetu, unajua mwenyewe zinavyopita.

Sasa rudi kwenye lile swali langu la kijinga. Mwaka 2023 peke yake walikufa ndovu zaidi ya 450 katika kisiwa hiki, na watu zaidi ya 150. Sikukosea kuandika. Kisiwa kizima ukubwa wake ni kama Tsavo zote mbili mara tatu hivi, kina watu kama milioni 22, na hesabu yao ya mwaka 2011 ilipata ndovu 5,879. Sisi hesabu ya 2021 ilikuta karibu 15,000 eneo la Tsavo pekee. Ndovu wa Asia wamewekwa katika daraja la walio hatarini kutoweka, na hawa wanauawa bila mtu kutaka chochote mwilini mwao. Wanauawa kwa ajili ya mahindi na mpunga. Yaani wanauawa kwa ajili ya shamba kama lako.

Usiku wa jana nililala kwa familia moja ya wakulima nje kidogo ya mji. Mzee wa nyumba hajui Kiingereza, mwanawe akatufasiria. Baada ya kula akanipeleka kuona dungu lake. Mwakio, ni dungu! Miti minne, ngazi, paa la makuti, na chini moto wa magogo. Ungelipanda bila kuuliza. Zamani walinzi wakikaa madunguni usiku waliimba mashairi ya kupokezana, huyu huku na yule kule ng'ambo ya shamba, ili usingizi usiwachukue na ndovu wajue kuna watu. Mzee akaniimbia mawili, sauti inalia kama upepo wa mlima Vuria. Siku hizi, anasema, vijana wana simu, na mlinzi akitazama simu hasikii tawi likivunjika.

Serikali huwapa fataki za kufukuzia ndovu. Wiki ya kwanza ndovu hukimbia. Wiki ya tatu husimama akakutazama kama anayesubiri ya pili. Kisha kuna kitu kibaya kuliko fataki, huitwa *hakka patas*: baruti iliyofichwa ndani ya tunda au donge la chakula, kwa asili ni mtego wa nguruwe mwitu. Ndovu akiuma, taya linapasuka. Hafi siku hiyo. Anazunguka wiki nzima, pengine zaidi, hawezi kula wala kunywa sawasawa, mpaka anaanguka. Wengi wanaopatwa ni wadogo, wenye udadisi. Mzee aliniambia amewahi kumsikia mmoja usiku kucha, na alipofika hapo mwanawe aliacha kufasiri.

Juu ya hayo weka risasi, waya wa stima ulioungwa moja kwa moja na laini ya nyumbani, visima visivyo na ukingo, na reli. Februari mwaka huu treni ya abiria iligonga kundi zima karibu na Habarana, si mbali na hapa nilipo, ndovu sita wakafa alfajiri moja. Huko mashariki, Ampara, kuna jaa la taka ambapo ndovu wamekula plastiki mpaka karibu ishirini wakafa katika miaka minane. Sisi tunalalamika mbuzi wa Voi wanakula karatasi za nailoni.

Nilitaka kujua wanalitatuaje, maana ndilo utakaloniuliza. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa moja: swaga ndovu uwaingize mbugani, kisha zungusha waya wa stima. Wamejenga maelfu ya kilometa. Ila yupo mtafiti wao mmoja, Prithiviraj Fernando, ambaye ameishi maisha yake akiwafunga ndovu kola za kufuatilia mwendo, na alichoonyesha ni kitu ambacho wewe ungemwambia bure. Uzio mwingi uliwekwa kufuata mpaka wa makaratasi, pale ardhi ya idara ya wanyamapori inapokutana na ardhi ya idara ya misitu. Huku ndovu, na ng'ambo ndovu! Wanazuiwa kwenda wapi? Na wale madume walioswagwa kwa kelele na baruti walirudi walikotoka, safari hii wakiwa wakali. Majike na watoto waliobaki ndani ya uzio wengine walikonda na kufa kwa njaa. Karibu asilimia 60 ya kisiwa ina ndovu, na sehemu kubwa ya eneo hilo, kama asilimia 70, wanaishi watu pia. Huwezi kuwaingiza wote hao mbugani, mbuga zenyewe zimeshajaa.

Yeye na wenzake wakageuza: badala ya kumfungia ndovu, jifungieni nyinyi. Uzio unazunguka kijiji, na kijiji chenyewe kinaununua kwa sehemu, kinauchunga na kukata majani chini yake. Wa mashamba ya mpunga ni wa msimu. Mnausimamisha mkipanda, mkishavuna mnaufunga mnauweka ghalani, ndovu wanaingia kula mabua. Nilicheka kwa furaha niliposikia hilo la mabua. Ni kama vile marehemu baba yako alivyokuwa akimwachia Mkamba wa ng'ombe baada ya mavuno, halafu hawagombani. Mzee wangu wa dungu anasema kijiji cha jirani wanao na wanalala. Chao hakina, wamegawanyika nani atunze funguo za betri. Nikahisi niko nyumbani kabisa.

Halafu sikiliza hili. Nilipotaja Sagalla, yule kijana akaruka: "Nyuki!" Anakujueni, bwana! Ule mradi wa kuzungushia shamba mizinga ya nyuki ili ndovu wasiingie, uliotoka kwetu, wa mtafiti Lucy King, umejaribiwa huku upande wa Wasgamuwa, na mwaka 2018 akachapisha matokeo ya kule Uda Walawe kwamba ndovu wa huku nao husogea mbali wakisikia mlio wa nyuki waliochokozwa. Shida ni kwamba nyuki wao wa mizinga ni mdogo na mpole, si kama hawa wetu wanaomfukuza mtu mpaka kwa jirani. Huko huko Wasgamuwa wanapanda michungwa kuzunguka nyumba, kwa kuwa ndovu hapendi jamii ya ndimu na machungwa, na tunda unauza. Hilo nimekuwekea wewe. Pale upande wa bonde, mizinga yako inapoishia, jaribu ndimu. Usiache mizinga, ongeza tu.

Wanyama wengine nitakupitisha haraka. Bendera yao ina simba ameshika upanga, na jina la Wasinhala wenyewe linatokana na simba, lakini simba hawana hata mmoja. Mfalme wa kisiwa ni chui, wa nasaba yao peke yao, wazima hawafiki 800. Habari ya chui huyu imeniuma mimi binafsi, kwa sababu anaishi kwenye chai. Kule milimani Hatton na Maskeliya amebanwa katika vipande vya msitu kati ya mashamba makubwa, na watu hutega nyaya za nguruwe kwenye mipaka ya chai. Mei 2020 walimkuta chui mweusi, wa nadra kupindukia, amenaswa. Walimtibu siku tatu akafa. Juzi darasani nikapewa kikombe cha chai kutoka milima ile, nyepesi, ina harufu kama ya maua. Nilipaswa kusema "angavu" nikabaki nakitazama.

Wana komba wembamba, macho kama taa za tuktuk, na kuna wa kule uwanda wa Horton ambaye tangu mwaka 1937 alionekana mara chache hivi kwamba watu walimdhania ameisha, hadi picha zake zilipotolewa mwaka 2010. Wana dubu pia, mchimba mchwa mwenye hasira, chini ya elfu moja. Na viungani mwa Colombo kabisa yuko kima wa ukoo wa mbega wetu, uso mweusi na sharafa nyeupe, ambaye wa upande ule wa magharibi yuko ukingoni kabisa mwa kutoweka. Miti imekatwa, anapita juu ya nyaya za stima, anaungua. Nimewasimulia wenyeji wangu zile ngazi za kamba tulizofungia mbega juu ya barabara ya Diani. Wakaniomba picha. Ukienda Ukunda nipigie moja, mimi za kwangu zina mguu wa mtalii.

Ile fidia ya mahindi yako imefika wapi? Usiponijibu nitajua haijafika. Na nihesabie mizinga mingapi imeingia nyuki tangu mvua za masika, maana mzee ananiulizia na sikutaka kubuni. Aliniuliza pia nyuki wa Sagalla ni wakali kiasi gani. Nikamweleza ile Krismasi nilivyokimbia kutoka kwako hadi barabarani, sahani ya pilau bado mkononi, na wanao wamekaa ukutani wakinishangilia. Kijana alipomaliza kufasiri, mzee alicheka akashika nguzo ya dungu, halafu akauliza tena, safari hii bila kucheka, kama inawezekana kuwaleta kwa meli.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mwambie Mama Wakesho majani ya chai ninayo, ila yale ya harufu ya maua sitayaleta.

Wako,
Saidi